Nilivyojibu kwa Niaba Yako

Ombati mwanangu,

Utashangaa kuona nakuandikia kwa Kiswahili, sisi ambao tangu uzaliwe hatujazungumza lugha nyingine humu nyumbani ila Ekegusii. Usidhani ni maringo ya mwalimu mstaafu. Nimeianza barua hii mara mbili kwa lugha yetu, na mara zote mbili nimekwama mstari wa tatu. Kuna maneno ambayo baba wa Kigusii hamwambii mwanawe aliyetahiriwa, na mimi leo nina haja na maneno hayo hayo. Kiswahili tulikikuta shuleni. Hakikutulea, kwa hiyo hakituonei haya. Ndiyo maana nimekiazima.

Umekwenda Keroka kunyolewa na kununua viatu. Mama yako yuko jikoni anakukaangia njugu za safari. Yale ya blanketi, sufuria na kupiga simu ukifika ameshakuambia, na kesho gari likiwa limewashwa atakuambia tena, kwa hiyo mimi siyagusi. Kesho asubuhi unakwenda Nakuru kuanza kazi katika kampuni ya mbegu, kazi ya kwanza maishani mwako, na una miaka ishirini na saba. Tangu juzi majirani wanakuja kunipongeza. Nimewapa chai, nimewashukuru, nimewasindikiza hadi langoni. Hakuna aliyejua kwamba anampa mkono mtu aliyekuchelewesha.

Watu hudhani nikinyamaza nawaza ule mkaratusi. Nakuona hata wewe ukinitazama nikiupita, kama unayetaka kuniambia nisijali. Basi sikiliza. Nilikutuma ukate matawi likizo ya Aprili, ukiwa kidato cha tatu, tawi likavunjika, ukaanguka, mgongo ukavunjika. Nilijilaumu mwaka mzima, kisha nikaacha, maana wiki iliyotangulia nilikuwa nimeupanda mti huo huo mimi mwenyewe, na lingeweza kuvunjika nikiwa juu. Ajali ni ajali. Ninalotaka kukuambia leo halikuwa ajali. Nililifanya nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili, mchana, na akili zangu zote zikiwa kichwani.

Lakini siwezi kulifikia bila kuitaja chinsoni. Unaijua, ila acha niieleze, kwa sababu nikiieleza kwa Kiswahili ndipo naiona ilivyo. Chinsoni ni ile heshima yenye aibu ndani yake. Baba na mwana aliyekwisha kutahiriwa hawaonani uchi. Hawataji mambo ya mwili mmoja mbele ya mwingine, hawatanii ya chini ya kiuno, na mwana akioa, baba hakanyagi ndani ya nyumba yake. Mimi nililelewa hivyo na baba yangu, nikamheshimu mpaka nikamzika, na sijawahi kuiona kama mzigo. Shida ni kwamba wazee walioiweka hawakufikiria kijana wa miaka kumi na saba anayerudi kutoka hospitali akiwa hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini.

Siku tatu kabla ya kuruhusiwa, muuguzi aliniita kando ya kitanda chako. Alitaka nijifunze kukugeuza ili usipate vidonda, na nijue namna utakavyokwenda haja. Nilimwambia nina mkutano wa walimu. Hapakuwa na mkutano wowote. Nilitoka nikakaa kwenye benchi ya nje nikahesabu magari yanayopita, mwalimu mzima. Mama yako, ambaye naye chinsoni inamfunga kwako, aliingia. Baadaye yule muuguzi aliniambia kwamba mama yako alivua lesso akaifunga kiunoni akasema, "Heshima ingoje mlangoni."

Miaka thelathini na moja nilifundisha Kiswahili, na kila mwaka nilipiga mstari mwekundu chini ya kosa lile lile. Mtoto anaandika insha, "Baba yangu anatupikia na kutufulia nguo," kwa sababu kwetu mama ndiye huitwa baba, na baba huitwa tata. Darasa zima linacheka, na mwalimu anacheka nalo. Siku hizi nafikiri kwamba katika boma letu wale watoto hawakukosea. Baba yako ni yule anayekaanga njugu.

Mimi nilichofanya ni kukujengea esaiga, nyumba ya kijana ya kulala peke yake. Nilijua kijana aliyetahiriwa halali chini ya paa la mama yake, awe anatembea au hatembei, na nilitaka watu waone kwamba sikukunyima uanaume wako. Nikaijenga pale chini, nyuma ya migomba, mabati mapya, saruji sakafuni, na choo chake nyuma. Wazee walinisifu. Hakuna aliyeuliza utapandaje ule mteremko mvua ikinyesha, hata mimi. Mwezi wa nne wa kwanza ulikaa siku tano bila kupanda huku juu kwa sababu ya matope, na chakula ukateremshiwa. Nilisema kijana anapenda utulivu wake. Kisha nikakuona unateremka mwenyewe chini kutoka kwenye kiti chako cha magurudumu, unakaa ardhini, unasogea kwa matako na karai la changarawe ya moramu mbele yako, unatengeneza njia. Ilikuchukua wiki mbili. Nilikuwa nikiingia chumbani kila ukianza, ili nisione.

Na choo kile, nakiri, sikujua unakitumiaje. Sikuwahi kuuliza. Nilijiambia kwamba mama yako anajua, na anayejua mmoja anatosha.

Jambo jingine nililolifanya, na hili nililiona ni upendo, ni nambari ya simu. Kila fomu iliyoletwa mbele yetu, iwe ya shule, ya kitambulisho cha watu wenye ulemavu, ya kujiunga na chuo, palipoandikwa simu niliandika yangu. Hata ulipokuwa na simu yako. Ulipokwenda chuoni na wakakuandikisha kwenye ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, nilikuwepo, na fomu niliivuta mimi. Ulinyoosha mkono kuichukua kalamu, nakumbuka. Nikasema, "Acha nikusaidie," wewe ambaye mikono yako haijawahi kuwa na tatizo hata siku moja. Ukaurudisha mkono. Ukinisikiliza kwa moja tu katika barua hii, iwe hili: mtu akikuambia acha nikusaidie na hujamwita, shika kalamu yako.

Ulimpenda yule Madam Kerubo wa ofisi hiyo, na mimi sikumpenda kabla hata sijamwona. Ulipokuja likizo ya kwanza ulituambia mezani jinsi anavyowafundisha kupika kwenye jiko la chini, kupiga pasi, kusafiri peke yenu hadi mjini na kurudi, kuandika barua za kazi na kuketi mbele ya watu wanaowahoji. Ulisema kila mwanafunzi lazima ajibu kwa sauti maswali ya aibu, hata ya chooni, mbele ya wenzake, kwa sababu mwajiri atayauliza, na Madam anataka aibu iwaishie pale ofisini isiwafuate kazini. Ulikuwa unacheka ukisimulia. Sijakuona ukicheka hivyo tena. Mimi niliinuka nikasema naenda kuangalia ng'ombe. Mama yako alikuambia usijali, mzee amechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimeona haya mbele ya mwanangu, nikakukasirikia wewe kwa haya yangu.

Miaka minne ulikaa hosteli. Hukuwa na mama pale wala ndugu. Mtu mwenye akili angejiuliza kijana huyu anaishije, na angejijibu kwamba basi anajiweza. Nilikuja mara mbili, nikasimama nje ya mlango wa chumba chako, nikakupa ndizi na kuondoka. Nilijidanganya kuna rafiki anayekusaidia. Ukahitimu shahada yako ya takwimu, tukapiga picha, ukarudi hapa nyumbani kungoja.

Hukungoja sana, Ombati. Hili ndilo nililokuja kulisema. Uliitwa mwezi wa pili baada ya mahafali.

Nilikuwa kituoni tunapopimia majani chai. Foleni ilikuwa ndefu, karani yuko kwenye mizani, na kando yangu alikaa mzee Nyakundi, mkwe wetu, baba wa mume wa dada yako. Unajua mkwe ni nani kwetu. Mbele yake hata kujikuna unafikiria. Simu ikalia. Unajua pia simu yangu ile haikuwa ikisikika mpaka niweke spika, na nilikuwa nimeizoea hivyo, kila mtu kijijini alikuwa anajua habari zangu. Alikuwa ni Madam Kerubo. Alisalimu vizuri, akasema amepata nafasi ya miezi sita katika ofisi moja Nyamira, kazi ya kupanga takwimu, na kwamba ofisi ile ikiridhika itakuchukua moja kwa moja. Watu kwenye foleni walianza kutabasamu. Mzee Nyakundi alinigonga bega. Nilijisikia mrefu.

Kisha akasema, "Mwalimu, kabla sijapeleka jina, wenye ofisi wananiuliza jambo moja. Ombati anaweza kwenda chooni peke yake?"

Kituo chote kilisikia. Mwanamke wa umri wa dada yako, kwenye spika, ananiuliza mimi habari za uchi wa mwanangu, mkwe akiwa ameketi kando yangu. Mzee Nyakundi alikohoa akageuza uso kwenye mizani. Karani akainamisha kichwa kwenye kitabu. Ningeweza kusema, nitakupigia. Ningeweza kusema, muulize mwenyewe, nambari yake ni hii. Ningeweza hata kusema sijui, na ungekuwa ukweli, kwa sababu sikujua. Nilitaka kitu kimoja tu, sauti ile ikome. Nikasema, "Hawezi."

Aliuliza kama nina hakika, maana wanaweza kuongea na ofisi irekebishe kile kitakachohitajika. Nikasema hawezi, asante Madam, nikaikata simu. Mzee Nyakundi akasema pole mwalimu, na wengine kwenye foleni wakasema pole. Nikazipokea pole zao. Nilipimiwa majani yangu, nikarudi nyumbani, nikakukuta umekaa kwenye kiti chako karibu na ua, unasoma gazeti la zamani. Uliniuliza kama kuna habari yoyote. Nikasema hakuna.

Nyamira, Ombati. Hata kulala ugenini hakukuhitajika.

Miezi iliyofuata ulituma barua za kazi kila wiki, kisha kila mwezi, kisha ukaacha. Sikuongea. Kila siku iliyopita iliifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi, na nikiwa mwoga nilifurahi kwamba imepita. Uliacha kunyoa ndevu. Uliacha kushuka Nyakoe siku za soko. Ulikuwa unakaa pale uani kuanzia asubuhi mpaka jua liwake kwa nguvu, halafu unasogea kivulini. Na mimi, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, nilikuja nikakaa kando yako nikakufariji. Nilikuambia usivunjike moyo, nchi hii ni ngumu, hata wazima wenye miguu miwili hawana kazi. Ulisema, "Ni kweli, tata." Ulifikiri ni dunia iliyokukataa. Mimi nilijua ni mimi, nikaiacha dunia ibebe lawama.

Miaka miwili. Nimejaribu kutafuta namna ya kuirudisha, sijaipata, na haipo. Mwenzako aliyepewa nafasi ile Nyamira bado yuko pale, nimemwona kwa macho yangu nilipokwenda kufuata mambo ya pensheni. Ana tai. Hiyo kazi ya Nakuru mkataba wake ni wa miezi mitatu, katika mji usio na mtu wako hata mmoja, na sitakudanganya kwamba nina imani nayo. Wenye nyumba wawili walikukataa kabla hujapata hicho chumba ulichopata. Ungekuwa sasa hivi mfanyakazi wa miaka miwili, mwenye uzoefu wa kuandika kwenye karatasi, mwenye sauti ya mtu anayelipwa. Badala yake unaanza kama aliyemaliza jana, na umechoka kama aliyestaafu. Nilikuona juzi ukifanya mazoezi ya kujibu maswali mbele ya dirisha. Sauti yako ilikuwa ndogo. Haikuwa ndogo ulipotoka chuoni.

Nilifundisha methali zote, nikawafanya watoto wa watu wakariri. Mficha uchi hazai. Nilikuwa nikiwaeleza maana yake ubaoni, kwamba anayeficha shida yake hapati msaada, na nikawapa alama waliopata. Mimi nilizaa kwanza, kisha nikaficha uchi wa niliyemzaa. Kwa hilo hawajatunga methali.

Nilipofika hapa niliacha kuandika, na yanayofuata nayaandika saa mbili baadaye, kwa haraka kabla hujarudi. Utanisamehe mwandiko.

Mama yako alileta chai akauliza barua gani hiyo isiyokwisha. Nikamwambia. Ni mara yangu ya kwanza kulitamka jambo hilo kwa mtu, na nililitamka lote, kituo, spika, mzee Nyakundi. Nilingoja anilaani. Alimaliza kumimina chai, akaweka birika chini.

"Anajua," alisema. "Alijua mwaka jana, mwalimu."

Amenisimulia. Kwamba mwaka jana ulikwenda Kisii, chuoni, kumwona Madam Kerubo, umuulize kama kuna lolote, na yeye akakuambia anafurahi kusikia kwamba sasa uko tayari. Kwamba ulimuuliza tayari kwa lipi, na akakufungulia faili, ukalisoma jibu langu. Kwamba uliomba kalamu, ukaifuta mwenyewe nambari yangu, ukaandika yako. Hii kazi ya Nakuru imepita kwenye nambari hiyo. Ulirudi jioni ile ukamkuta mama yako akipukuchua maharagwe, ukamwambia, mkapukuchua pamoja mpaka yakaisha. Na ukamwapisha asiniambie, kwa sababu, ulisema, mzee ataona aibu.

Mwaka mzima, Ombati. Kila asubuhi umenisalimia kwa heshima, ukanipisha njiani, ukaniita tata. Nilipokuambia tena kuhusu nchi ilivyo ngumu, na nilikuambia, hata mwezi uliopita nilikuambia, uliitikia ni kweli. Ulikuwa unajua ninadanganya, ukainamisha kichwa nimalize. Nilitumia chinsoni kukuangusha, na wewe ukaitumia kunisitiri. Sijui kama kuna mzee katika nchi ya Wagusii aliyewahi kuheshimiwa hivyo na kujisikia mdogo hivyo.

Nilimuuliza mama yako swali lile la Madam. Nilimuuliza kama unaweza. Alinitazama sana, kisha akasema nyumba iko pale chini, mwenyewe hayupo, niende nikaone.

Nimekwenda. Hujaoa, na hakuna mzee ambaye angesema nimekatazwa. Hiyo mila niliinyoosha mimi mwenyewe mpaka ikafika mlangoni kwako, nikajificha nyuma yake. Niliteremka kwenye njia yako ya moramu, ni imara, haitelezi. Nilifungua mlango wa choo. Nimeona vyuma viwili vya bomba la maji ulivyovipachika ukutani kwa saruji, kimoja kila upande. Nimeona kiti cha mbao ulichokitoboa katikati, na jinsi ulivyokipiga msasa mpaka kikalainika ili kisikuchubue ngozi isiyosikia. Nimeona ubao wa kuteleza kutoka kwenye kiti cha magurudumu, na kioo kidogo kilichotundikwa chini kabisa, nikashindwa kuelewa ni cha nini, mpaka nikakumbuka yule muuguzi alitaja vidonda. Unajikagua mwenyewe. Ukutani umeandika kwa chaki saa zako za kuja hapa. Ni choo kisafi kuliko changu.

Nilikaa juu ya kile kiti chako nikalia, Ombati. Sikulia ulipoanguka. Jibu la swali lile lilikuwa hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu, nyuma ya migomba ambayo mimi mwenyewe niliipanda. Saruji ile imezeeka. Ulikuwa unaweza kabla hata hujaenda chuo.

Sikuombi msamaha. Nikikuomba utanipa, kwa sababu ndivyo ulivyolelewa, na utakuwa msamaha wa chinsoni, hautakuwa wako. Ninalokuomba ni gumu zaidi. Siku moja, kwa simu au kwa maandishi, kwa Kiswahili hiki kisichokuwa na aibu nasi, nivunjie heshima. Niambie nilichokufanya kwa maneno yako. Usiniite tata siku hiyo, niite mwalimu, ikikurahisishia. Nikiendelea kusalimiwa vizuri mpaka nife, nitakufa nikijua kwamba mwanangu hajawahi kusema nami hata mara moja.

Kesho nitasimama uani kama baba wengine. Nitakupa mkono na kukuombea safari njema, nawe utanishukuru, na dereva ataona watu wawili wanaopendana. Barua hii itakuwa kwenye bahasha ya vyeti vyako. Isome ukiwa umefika, mlango wako ukiwa umefungwa na ufunguo ukiwa mkononi mwako.

Nimebakiza moja. Mama yako anasema kampuni ilikupa fomu, na umeijaza yote isipokuwa mstari mmoja, pale wanapotaka jina na simu ya mtu wa kuarifiwa ukipatwa na jambo. Alikuuliza kwa nini umeuacha, ukasema bado unafikiria. Nilipoambiwa hivyo moyo uliniruka, nikadhani pengine nafasi ile unaniwekea mimi. Mtu mzima nami, hata leo bado najidanganya. Mwandike mama yako. Wakinipigia mimi, na pakiwa na watu karibu, sijui nitajibu nini.

Ni mimi,
Tata